Nyaya za Umeme katika Mashua za Mashine: Kuzipanga na Kutafuta Kasoro

Njia za mji wa Lamu zilijengwa kwa kadiri ya mtu na punda, wala si kwa kadiri ya gari. Na kwa sababu hiyo kazi ambayo mtu wa bara huifanya kwa gari, mtu wa visiwani huifanya kwa mashua. Abiria ashukaye katika ndege kisiwani Manda huvuka kwa mashua. Mwenye mzigo uliofika Mokowe kwa lori huvuka nao kwa mashua. Mgonjwa wa Faza au wa Kizingitini apelekwaye hospitali mjini Lamu huletwa kwa mashua, pengine usiku. Vingi katika vyombo hivyo siku hizi vina mashine, na penye mashine aghalabu pana betri, na penye betri pana taa, pampu ya kutoa maji ngamani, redio, chombo cha kupimia kina, na mahali pa kuchajia simu.

Hapo kale chombo kilikuwa mbao, misumari, pamba, kamba na tanga, na seremala wa Matondoni aliyekiunda alijua kila ubao wake na sababu ya ubao huo kuwapo. Nyaya hazikuingia chomboni kwa namna hiyo. Mwaka wa kwanza mwenye chombo alitia taa moja. Mwaka wa pili mwanawe akafunga redio, akaichukulia umeme katika waya wa taa. Kisha ikaja pampu, iliyofungwa na fundi mwingine kwa waya wa rangi aliyoikuta dukani. Kisha kipande cha sola juu ya kitalu, kwa mkono wa mtu wa nne. Viungo vikasokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe mweusi. Baada ya miaka mitatu chini ya sitaha ya tezi pana tumbo la nyaya ambalo hakuna mtu mmoja alijuaye lote, na nyaya nyingine hazina kazi yo yote, zimebaki tu tangu taa ilipoondolewa.

Chombo cha namna hiyo huenda kikafanya kazi vizuri wakati wa maji matulivu, mchana. Ni usiku, na katika upepo wa kusi, ndipo kasoro zake hujionyesha.

Msomaji na afikiri habari ya nahodha aliyeondoka Mtangawanda magharibi, mwenye abiria kumi, akielekea Lamu. Mvua yanyesha, na maji yanaingia. Awasha pampu, mara taa zake za njia, nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia, zafifia mpaka kuwa kama makaa. Azima pampu, taa zarudi. Afika karibu na Mkanda, pale mikoko isogeapo pande zote mbili, na kipande cha kamba ya wavu chajizungusha katika rafadha. Azima mashine ili aitoe. Aitoa, kisha azungusha ufunguo, na mashine yasema “tik”, yanyamaza. Mkondo wamsukuma kwenye mikoko, na nyuma yake asikia mashine ya chombo kingine kijacho katika giza, ambacho hakizioni taa zake.

Akifika salama, nahodha huyo aghalabu hununua betri mpya. Betri hiyo yaenda vema wiki tatu, kisha mambo yale yale yaanza tena. Halafu abadilisha pampu, kisha stata. Amekwisha kutoa fedha nyingi, na hapana hata kimoja katika vitu alivyovitupa kilichokuwa kibovu. Katika vyombo vya bahari kasoro nyingi za umeme hazimo katika vitu vyenyewe, bali zimo njiani, yaani katika waya, na zaidi katika viungo vya waya. Na mtu asiyeipima njia ataendelea kununua vitu.

NJIA YA KWENDA NA NJIA YA KURUDI

Umeme wa betri hutoka katika ncha ya chanya, yenye alama ya kujumlisha, hupita katika taa au pampu, na lazima urudi katika ncha ya hasi, yenye alama ya kutoa. Usipoweza kurudi haupiti kabisa. Watu wengi huikumbuka njia ya kwenda, kwa sababu ndiyo yenye swichi na fyuzi, wakaisahau njia ya kurudi. Lakini njia zote mbili ni sawa kwa umeme, na uchafu ulio katika njia ya kurudi hudhoofisha taa sawasawa na uchafu ulio katika njia ya kwenda.

Hapa fundi wa magari ajaye kutoka bara hupata tabu asipojihadhari. Katika gari chuma cha bodi ndicho njia ya kurudi: taa ya nyuma hufungwa waya mmoja tu, na kurudi kwake ni katika chuma chenyewe mpaka kwenye betri. Ndiyo maana katika gari kuukuu, kama vile Land Rover, ambazo zilianza kuundwa mwaka 1948 kwa bodi ya aluminiamu juu ya fremu ya chuma, taa zikifanya mambo ya ajabu fundi mzoefu hutazama kwanza bolti zinazofunga waya wa betri katika fremu. Tena magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa kinyume na ya leo, yaani ncha ya chanya ndiyo iliyofungwa katika bodi. Mtu atiaye redio ya sasa katika gari la namna hiyo pasipo kutazama, huiunguza siku ile ile.

Lakini mashua ni ya mbao, au ya fiba, na mbao si njia ya umeme. Kila kitu chomboni chataka nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Mafundi wengine hukusanya nyaya zote za kurudi katika bolti moja iliyofungwa kwenye taruma, na kutoka hapo waya mmoja mnene huenda kwenye hasi ya betri. Si vibaya kufanya hivyo. Lakini bolti hiyo ikiharibika, chombo chote huharibika pamoja nayo, na kila kitu huonekana kuwa kibovu kwa zamu yake.

KWA NINI BAHARI HULA VIUNGO

Mwaka 1800 mtaalamu wa Kiitaliano, Alessandro Volta, aliwajulisha wenzake habari ya chombo alichokifanya kwa vipande vya madini ya namna mbili, kama fedha na zinki, vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, na kati yao vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Chombo hicho kilitoa umeme, nacho ndicho babu wa betri zote. Neno “volti” latokana na jina lake.

Sasa na itazamwe bolti ile iliyo chini ya sitaha ya tezi. Bolti ni ya chuma. Ncha ya waya ni ya shaba. Kati yao pana unyevu, na unyevu wa Lamu una chumvi. Madini mawili na maji ya chumvi: ni kile kile alichokifanya Volta. Kila kiungo kilicholowa ni betri ndogo, na kama ilivyo katika betri, madini moja huliwa. Huo ndio mwanzo wa kutu ya kijani ionekanayo katika shaba na unga mweupe uonekanao katika aluminiamu. Kutu hiyo haipitishi umeme vizuri. Kiungo kilichokuwa njia pana huwa kichochoro.

Lipo jambo baya zaidi. Waya wa chanya uliochubuka na kulala katika maji ya ngamani huvujisha umeme wake baharini, na shaba ya waya ule huyeyuka upesi kuliko kutu ya kawaida, hata katika siku chache. Swichi ya kuelea, ile iwashayo pampu yenyewe maji yakipanda, mara nyingi hufa kwa sababu hiyo, kwa kuwa viungo vyake vimeachwa chini kabisa mahali pa maji. Umeme uvujao waweza pia kula rafadha na mguu wa mashine ulio majini.

Dawa ya madini kuliwa na bahari ilitafutwa zamani. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alionyesha ya kuwa kipande kidogo cha zinki au cha chuma kikigusishwa na bati za shaba zilizofunika merikebu, zinki ile huliwa badala ya shaba. Vipande vya zinki vifungwavyo hata leo katika miguu ya mashine za mashua vinatokana na maarifa hayo. Havifai kupakwa rangi, kwa sababu zinki iliyopakwa rangi haiwezi kuliwa, na ikiwa haiwezi kuliwa haina faida.

Kwa viungo vya nyaya dawa ni ile ile aijuayo seremala: kuzuia maji yasipite. Seremala hatii mbao mbili pamoja akaziacha. Huziba mwanya kwa pamba na mafuta, yaani kalafati. Kiungo cha waya chataka kalafati yake pia. Ncha ya waya huchubuliwa mpaka shaba ing'ae, hutiwa katika kifuko cha shaba kilichopakwa bati, hubanwa kwa koleo la kazi hiyo, kisha hufunikwa kwa mpira ule unaonywea ukitiwa moto, wenye gundi ndani. Utepe mweusi peke yake haufai baharini. Gundi yake huyeyuka kwa jua na maji hukaa ndani yake. Lehemu nayo, ikiwa peke yake, hufanya waya uwe mgumu mahali pamoja, na mtikisiko wa mashine huukata hapo hapo. Panapopatikana, waya wa baharini ambao kila uzi wake umepakwa bati hudumu zaidi kuliko waya wa nyumbani, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Waya wa nyumbani wenye shaba moja nene ndani haufai chomboni hata kidogo: hukatika kwa kutikiswa.

UNENE WA WAYA

Mtu asidhani kuwa waya mwembamba na waya mnene ni mamoja maadam taa yawaka. Mjerumani Georg Simon Ohm alieleza katika mwaka 1827 jinsi waya unavyouzuia umeme upitao ndani yake: kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba, ndivyo uzuiavyo zaidi, na kadiri umeme unavyokuwa mwingi, ndivyo volti nyingi zinavyopotea njiani.

Hesabu yake si ngumu. Mashua ina urefu wa mita 8, betri iko tezini, na pampu iko upande wa omo. Kwenda mita 8 na kurudi mita 8 ni mita 16. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba, urefu wa mita 16, una kizuizi cha omu 0.28. Pampu ikivuta ampea 5, volti zipoteazo njiani ni 5 mara 0.28, yaani 1.4. Betri ya volti 12 imetoa 12, na pampu imepata 10.6. Itazunguka, lakini kwa uvivu, na maji yatapanda. Waya ukiwa wa milimita 4 za mraba, hasara ni volti 0.35 tu. Kwa taa ndogo za siku hizi, zisizovuta hata nusu ya ampea, waya mwembamba watosha. Kwa pampu hautoshi. Waya wa stata ni jambo jingine kabisa, kwani stata huvuta mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha. Nao uwe mnene kama kidole na mfupi iwezekanavyo.

FYUZI

Fyuzi hulinda waya, wala hailindi taa. Hili halifahamiki kwa wengi. Betri ya volti 12 haiwezi kumrusha mtu, na kwa hiyo hudharauliwa. Lakini nyaya zake mbili zikigusana, betri ile yaweza kutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi na kuunguza mpira wake kwa muda mfupi. Katika chombo cha petroli hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hushuka na kukaa ngamani, mahali pale pale nyaya zipitapo. Betri pia, ikichajiwa, hutoa hewa iwakayo. Moto ukizuka kati ya Manda na Pate hakuna pa kukimbilia ila majini.

Kwa hiyo fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka katika ncha ya chanya. Ikiwekwa mwisho wa waya, karibu na taa, waya wote ulio katikati haulindwi. Waya wa milimita moja na nusu ya mraba wafaa kupewa fyuzi ya ampea 10. Fyuzi ikikatika, imesema jambo. Na mtu atiaye msumari au karatasi ya fedha ya sigara mahali pake ameinyamazisha, lakini sababu ya kukatika ingali ipo. Waya wa stata kwa desturi hauna fyuzi, lakini na uwe na swichi kubwa ya kukatia betri, mahali ambapo mkono wafika hata katika moshi.

KUPANGA UPYA

Kazi hii hufanywa chombo kikiwa kimepandishwa pwani kwa kusafishwa na kupakwa rangi, kwa maana yachukua siku mbili au tatu. Kwanza betri hufunguliwa, upande wa hasi kabla ya chanya, na kurudishwa chanya kabla ya hasi. Katika gari desturi hii huzuia spana isiguse bodi na kutoa cheche. Katika mashua yenye mashine ya chuma sababu ni hiyo hiyo.

Kisha kila waya hufuatwa kwa mkono toka mwanzo hata mwisho, na ncha zake mbili hutiwa kibandiko chenye jina: “pampu”, “taa ya omo”, “redio”. Usiokuwa na mwisho huondolewa. Ni ajabu jinsi tumbo lile lipunguavyo; pengine theluthi moja haikuwa na kazi. Baada ya hapo huchorwa ramani katika karatasi, jinsi chombo kilivyo sasa, na ramani ya pili, jinsi kitakavyokuwa. Mtu aanzaye kukata kabla ya kuchora hujuta jioni ile ile.

Sanduku moja la fyuzi na swichi hufungwa juu, chini ya sitaha, mahali pasipopata rasharasha, wala si juu ya betri. Kila kitu hupewa fyuzi yake na nyaya zake mbili, nyekundu wa kwenda na mweusi wa kurudi. Nyaya hupitishwa juu, kandokando ya mataruma, mbali na ngama, nazo hufungwa kila shubiri moja au mbili zisicheze. Zipitapo katika tundu la ubao hutiwa mpira, ili ubao usizisugue. Na kabla ya kuingia katika taa au sanduku, waya huachwa ushuke kidogo kisha upande, ili matone ya maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Jambo moja mafundi wa bara hawana haja ya kulifikiri, ila la chomboni ni kubwa: dira. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka ilipokuwa karibu na waya upitao umeme. Waya wa taa upitao kando ya dira ya nahodha waweza kuigeuza vivyo hivyo, na usiku tu, taa iwapo inawaka, hata mchana ikaonekana sahihi. Nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi, zikisokotwa pamoja, nguvu zake juu ya sindano huondoana. Spika ya redio, ambayo ina sumaku ndani, yafaa iwe mbali kabisa.

Sola nayo haifungwi moja kwa moja katika betri. Kipande cha sola kilichofanywa kwa betri ya volti 12 chaweza kutoa zaidi ya volti 20 jua likiwa kali na kisipofungwa na kitu, na pasipo kidhibiti chaji betri huchemshwa mpaka maji yake yakauke. Maji ya kuongeza yawe yaliyosafishwa kwa mvuke. Maji ya kisima hayafai, hata yale matamu yatokayo katika vilima vya mchanga vya Shela. Ulimi hauoni chumvi yake, lakini betri huiona.

KUTAFUTA KASORO

Vyombo vyahitajika viwili tu: taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili ndefu, na mita ya kupimia volti, ya bei rahisi. Sasa na turudi kwa yule nahodha wa Mtangawanda.

Kwanza betri hupimwa imepumzika saa kadhaa. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, yenye 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.9 ni kama imekwisha. Betri yake ni mpya, nayo yaonyesha 12.3. Hapo tayari pana neno: betri mpya, mashine yafanya kazi kila siku, na haijai. Mashine yawashwa kwa msaada wa betri ya jirani, na mita yawekwa kwenye mashine yenyewe: volti 14.2, ndivyo ipasavyo. Yahamishwa kwenye ncha za betri: 12.9. Umeme watoka katika mashine, lakini haufiki.

Mashine yazimwa. Sasa pampu yawashwa, na hili ndilo jambo ambalo wengi hukosea, kwani hupima wakati kitu kimezimwa. Waya uliooza hata kubakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili madhali hakuna umeme upitao. Ni kama mfereji ulioziba ambao maji yake yasimama kwa kimo kile kile pande zote mbili mpaka bomba lifunguliwe. Kwa hiyo kipimo kifanywe kitu kikiwa kinafanya kazi. Pampu yavuta ampea 5. Kwenye betri, 12.1. Kwenye pampu yenyewe, 8.8. Volti 3.3 zimepotea njiani.

Upande upi? Waya mmoja wa mita hushikwa kwenye chanya ya betri, na wa pili kwenye chanya ya pampu: 0.3. Njia ya kwenda ni nzuri. Kisha hasi ya betri na hasi ya pampu: volti 3.0. Kasoro imo katika njia ya kurudi. Hakuna haja ya kuifuata shubiri kwa shubiri. Huenda mtu katikati, kwenye ile bolti ya taruma, akapima kati ya bolti na hasi ya betri. Mita yasema 3.0 vile vile. Nusu yote ya omo imekwisha kuachwa. Apima kati ya bolti yenyewe na ncha ya waya mnene iliyobanwa chini yake, vitu viwili vinavyogusana, visivyo na umbali wo wote kati yao: 2.9. Bolti yafunguliwa, na chini ya nati yaonekana kutu ya kijani, laini kama uji, na nyuzi za shaba zilizo nyeusi.

Hiyo ndiyo iliyofifisha taa pampu ilipowashwa, kwa kuwa zote zilirudi kwa kichochoro kimoja. Hiyo ndiyo iliyoifanya stata iseme “tik”. Na hiyo ndiyo iliyoua betri mpya, kwa sababu umeme wa kuijaza nao hupita pale pale. Dawa ilikuwa kukata shubiri moja ya waya, kutia kifuko kipya, kusugua bolti, na kupaka mafuta ya mgando juu yake.

Yako magonjwa mengine yasiyo ya namna hii. Betri ikiwa imekwisha kila baada ya siku chache chombo kikiwa nanga, huenda kitu chavuta umeme kwa siri. Nusu ya ampea yaonekana kuwa si kitu, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 70 haitavuka siku sita. Mita hugeuzwa kupima ampea, hutiwa kati ya hasi ya betri na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa, na fyuzi hutolewa moja moja mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo yenye kosa. Asije mtu akawasha mashine mita ikiwa pale, itaungua. Mara nyingi huonekana ni redio, au swichi iliyoingia chumvi ikapitisha umeme hali imezimwa.

Na ipo mashine ya nje ya petroli izimikayo yenyewe katika mawimbi, kisha huwaka tena kama kwamba hakuna lililotokea. Watu hulaumu petroli. Mashine nyingi za namna hiyo huzimwa kwa waya mmoja unaogusishwa na chuma cha mashine. Mpira wa waya huo ukichubuka mahali unapopindika, kila wimbi huugusisha, na mashine hutii kama iliyozimwa kwa mkono. Kabla ya kumwaga petroli, waya huo utikiswe kwa vidole mashine ikiwa inakwenda, chombo kikiwa kimefungwa gatini.

Ramani ya nyaya ikikwisha kunyooshwa, yafaa itiwe katika mfuko wa nailoni na kupigiliwa ndani ya mlango wa sanduku la fyuzi, pamoja na fyuzi chache za akiba na ile taa ndogo yenye nyaya mbili. Atakayeitaka usiku huenda asiwe yule aliyeichora.